Maji ya Mistari Minne

Lubumbashi, tarehe 14 mwezi wa saba 2024

Mudogo wangu Souleymane,

Amani ikufikie wewe, na mke wako Ramla, na nyumba yote ya Kilwa, huko kwenu kwenye ziwa Moero. Sisi huku tuko wazima. Baridi ya asubuhi ni kali mwaka huu, ninatoka nje na koti la marehemu Baba na bado ninatetemeka. Jirani yetu wa upande wa shule amepata mapacha, wa kike wote wawili, na baba yao anatembea akiwaambia bantu wote njiani kana kwamba amewazaa yeye. Mtoto wako Djamila anakula vizuri na anakusalimia.

Ninakuandikia kwa sababu simu yetu haifai kwa maneno marefu. Ukipata réseau huko unasema "tuko salama", na mimi nasema "tuko salama", halafu inakatika. Chisanga anapeleka lori lake huko kesho kuchukua samaki, nitampa hii barua mkononi.

Jambo lenyewe ni maji. Unajua mvua ilisimama mwezi wa pili, wakati miaka mingine inatufikisha mwezi wa nne. Kisima kimeshuka mapema. Courant ya umeme inakuja inavyotaka, na ikija, pompi inavuta matope, kwa hiyo tunateka kwa ndoo. Nilipogoa mizabibu yote mwisho wa mwezi wa tano, kama Baba alivyotufundisha, ili zabibu ziive kabla mvua haijarudi. Sasa yote imechipua, mistari tisa: ile mitano ya Baba karibu na nyumba, aliyoipanda kwa vipande alivyopewa na yule patron wake wa kazi, Mugreki wa duka la vitambaa, na ile minne ya chini, upande wa barabara ya Kipushi, uliyoipanda wewe kabla ya kuoa.

Maji yaliyoko yanatosha mistari minne. Nimejaribu kugawa kwa tisa, na naona hakuna hata mmoja unaoshiba.

Shamba ni letu wawili. Sitaki kuchagua peke yangu, kesho usije ukasema Yaya wako, dada mkubwa, alifanya alivyotaka. Niambie mistari ipi inywe. Na ukipata nafasi, njoo hata wiki mbili. Fundi wa visima yuko tayari kwenda chini zaidi, lakini anasema hawezi kuanza kuvunja jiwe bila mwanaume wa nyumba kusimama pale.

Dada yako,
Kulthumu


Kilwa, tarehe 6 mwezi wa nane 2024

Yaya Kulthumu,

Nakusalimia kwa heshima. Barua yako imefika na imesomwa mbele ya wote. Ramla amefurahi kwa ajili ya wale mapacha. Hapa tuna afya, Mungu ashukuriwe. Mtoto wetu mdogo ameng'oka jino la mbele na hataki kucheka mbele ya wageni.

Ukame unaousema uko hapa pia, ila hapa unaonekana kwenye ziwa. Moero imerudi nyuma. Pale tulipokuwa tunafunga boti, sasa mbuzi wanakula majani. Ili boti ifike majini lazima tuitembeze juu ya magogo, katikati ya matope, wanaume kumi wakisukuma. Samaki wako mbali, na mafuta ya injini yanaisha kabla hatujawafikia.

Kuhusu mizabibu, hili halihitaji kufikiriwa. Nywesha mistari ya Baba. Ile yangu niliipanda nikiwa kijana, iache ikauke, nitapanda mingine Mungu akitupa siku. Ya Baba ikifa, hatuna mahali pa kuipata tena. Yule Mugreki aliondoka zamani, na nyumba yake imekuwa depo ya simenti.

Kuhusu kuja, bado. Kazi imenibana.

Hukusema kama Djamila amemaliza mitihani yake ya droit, ile sheria anayosoma, huko chuo kikuu cha Kasapa. Niambie.

Mudogo wako,
Souleymane


Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa tisa 2024

Mudogo wangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wako. Mwambie huyo mwenye pengo kwamba mimi nina mapengo manne na ninacheka kila siku.

Barua yako ilichelewa. Chisanga anasema alivunjika springi karibu na Kasomeno na akakaa pale na samaki wake mpaka akawa anawagawa bure. Mimi nilingoja. Niliangalia barabara kila jioni mpaka majani ya chini yakaanza kujikunja kama mikono ya mutoto anayesikia baridi. Hapo nikaona kwamba kungoja nako ni kuchagua. Nikachagua.

Usikasirike kabla ya kufika mwisho. Maji nimeyapa mistari yako.

Sababu ni hii. Mtu mmoja aliniambia nichimbe pembeni ya shina moja la Baba nione mzizi wake. Tulichimba mpaka kiunoni, na mzizi ulikuwa bado unaenda chini, mnene kuliko kifundo cha mkono wangu. Kule chini udongo ulikuwa na unyevu, niliufinya kwenye kiganja ukashikana. Kisha tukachimba kwenye mstari wako. Mizizi yako imetandaa juu juu kama mkeka, haijafika hata magotini, na udongo wake ulikuwa vumbi. Mizabibu ya Baba itateseka lakini haitakufa. Ya kwako ingekufa wiki ileile.

Na inateseka kweli, sikufichi. Joto limeanza. Majani ya Baba yamekuwa ya njano pembeni, na machipukizi yamesimama, hayaendi mbele. Punje zimebaki ndogo kama njegere, ngozi imekuwa nene, na zimeanza kuwa nyeusi kabla ya wakati wake. Ya kwako imenenepa. Ukisimama katikati unaona kama mashamba mawili ya watu wasiojuana.

Djamila anaamka mapema, anarudi jioni na udongo kwenye viatu. Anakusalimia sana.

Jambo lingine. Barua yako imeandikwa na mkono wa Ramla. Ninaijua ile "y" yake inayoshuka kama mkia. Tangu lini unaandikiwa?

Kulthumu


Kilwa, tarehe 24 mwezi wa tisa 2024

Yaya,

Salamu. Hapa hatujambo.

Nimekaa na barua yako siku kadhaa nisije nikajibu kwa hasira, na naona hasira bado iko. Uliniuliza mistari ipi inywe. Nilikujibu. Kumbe ulikuwa umekwisha kufanya. Basi uliniuliza kwa nini? Baba aliibeba ile miti kwenye ndoo, kwa miguu, kutoka mjini. Sisi tulikuwa tunakatazwa kuigusa hata na mpira. Leo unaniambia majani yake ni ya njano kwa sababu mtu mmoja alikuambia.

Na ni nani huyo mtu mmoja? Wewe Yaya, tangu nikujue, hujawahi kuchimba mzizi wa kitu ili kuuangalia. Haya maneno ya mizizi na unyevu umeyatoa wapi?

Djamila anarudi na udongo kwenye viatu. Mimi sikusoma chuo kikuu, lakini ninajua droit inasomwa kwenye benchi. Niambie mitihani ilikwendaje.

Tena Chisanga amesema aliona masista wawili wenye mavazi meupe wakitembea kati ya mistari yetu, wakionja. Wanatafuta nini?

Ramla ananiandikia kwa sababu miwani yangu imevunjika. Ni hilo tu.

Souleymane


Lubumbashi, tarehe 15 mwezi wa kumi 2024

Mudogo wangu Souleymane,

Amani kwako. Leo ninakuja na jambo zito, kwa hiyo nitasalimia kwa ufupi: wote wazima, mapacha wanalia kwa zamu.

Kwanza habari njema. Zabibu zako zimeuzwa. Mwenye duka kubwa la mjini alituma kamioneti na kuchukua zote, mistari yote minne, kwa sababu ni kubwa na zinang'aa. Kati yangu na wewe, nilizionja na hazina ladha. Ni maji yaliyovaa ngozi. Lakini yeye ananunua kwa macho.

Za Baba alizikataa. Alishika kichala kimoja, akakirudisha. Aliniambia, "Mama, hii hata kwa bure siichukue. Iko tudogo-tudogo, na ngozi nguvu. Bantu batasema minabauzia mbegu tu." Nilimwambia aonje. Akaonja, akasema, "Iko sukari mingi, ni kweli. Lakini nani atajua mbele ya kununua?"

Tulijaribu kukausha. Tulitandika vichala juu ya mabati, tukafunika na chandarua. Unajua barabara ya Kipushi wakati huu: kila kamioni ya madini inayopita inainua ukuta wa vumbi jekundu, na inapita moja nyuma ya ingine mpaka jioni. Baada ya siku nne nilitafuna punje moja nikasikia mchanga kwenye meno. Tulizimwaga. Hizo zilikuwa za mstari mmoja. Mistari minne ya Baba bado iko na zabibu juu.

Sasa kuhusu masista. Wana nyumba yao ya watawa mbele kidogo ya kwetu. Mkubwa wao ni Sista Agnès, mtu wa kaskazini, baba yake alikuwa wa reli. Aliomba kuonja kwa sababu alisikia kwamba zabibu zetu zimepata kiu mwaka huu. Alisimama kwenye mstari wa kwanza, akaweka punje mdomoni, akafumba macho. Akasema, "Mama Kulthumu, hii haiko zabibu ya meza. Maji yake ni kidogo, utamu wote umebakia ndani. Hii iko ya kukamua. Miaka yote tunanunua divai ya Misa mbali, na iko hapa pembeni yetu." Anataka zote. Hakuficha ni za kufanyia nini, na namheshimu kwa hilo.

Nilimwambia, "Sista, siye ni Waislamu, unajua." Akasema, "Ninajua, njo maana minakuuliza, sikutume muntu." Nikamwambia jibu litatoka Kilwa.

Kwa hiyo ninakuuliza, Souleymane, na safari hii sijachagua kitu kabla yako. Tuuze au tusiuze? Mawingu yameanza kukusanyika mchana na kutawanyika jioni. Mvua ikizikuta juu ya miti, hakutakuwa na swali tena. Chisanga ameapa atafika huko ndani ya wiki na kurudi ndani ya wiki. Nijibu haraka.

Nilipomaliza kusoma barua yako mbele yake nilimuuliza, "Souleymane iko muzuri?" Akasema, "Iko." Nikamuuliza, "Na macho yake?" Akasema, "Macho? Macho iko muzuri sana, Mama." Halafu akainama kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote. Souleymane, huyu kijana hajui kudanganya. Miwani yako haijavunjika. Hukuwahi kuwa na miwani.

Kulthumu


Kilwa, tarehe 29 mwezi wa kumi 2024

Yaya wangu,

Nakusalimia, na ninakuomba msamaha kwa barua iliyopita. Ilikuwa na moto usio na kazi.

Nimemuuliza imamu wetu. Nilimweleza yote, kiu, kamioni, duka, masista. Alinisikiliza mpaka mwisho na akasema bila kuzunguka: ukijua kwamba mnunuzi atakamua divai, usimuuzie. Nikasema, na zikioza? Akasema, zikioza zimeoza. Hilo ndilo jibu lake na nimekuletea kama lilivyo.

Sasa sikia langu. Mimi ningesema kama imamu. Lakini mimi niko Kilwa. Sijabeba ndoo hata moja mwaka huu. Ulikuwa na haki kuhusu mizizi, nimefikiri sana juu ya hilo usiku na mchana, na kama ungenisikiliza mimi, leo tungekuwa tumepoteza mistari minne. Kwa hiyo sikukatazi. Wewe ndiye uliyesimama mbele ya zile zabibu. Fanya utakavyoona. Ukiuza, sitakuuliza neno. Usipouza, sitakuuliza neno.

Usinisumbue na habari ya miwani. Na mimi sitakusumbua na habari ya viatu vya Djamila, mpaka mwenyewe uone vema kuniambia.

Souleymane


Lubumbashi, tarehe 23 mwezi wa kumi na moja 2024

Mudogo wangu,

Barua yako imeingia leo. Chisanga amefika miguu yote matope, lori liliomba kulala kwenye kila mtelemko. Mvua ilimkuta njiani. Mimi ilinikuta nyumbani.

Nitakueleza ilivyokwenda, halafu tutaliacha.

Sista Agnès alikuja mara ya pili, na mara ya tatu na vikapu. Mara ya tatu aliangalia mbingu, akaniuliza, "Mama, juu ya nini unangoya?" Nikasema, "Minangoya ndugu yangu." Djamila alikuwa pembeni. Akasema, "Tantine, baba yangu iko mbali. Zabibu iko hapa." Nilimkemea mbele ya mgeni. Sasa najua nilimkemea kwa sababu alisema kweli. Sikutaka kusema ndiyo na sikutaka kusema hapana, na jina lako lilikuwa kiti kizuri cha kukalia.

Mvua ilifika Ijumaa, baada ya swala ya alasiri. Haikuanza kidogo kidogo. Ilianguka yote pamoja, na mawe ya barafu ndani yake, bati lilikuwa linapiga kelele tusisikiane. Asubuhi tulikwenda kuangalia na nikafikiri tumepona, kwa sababu vichala vingi vilikuwa bado vinaning'inia. Djamila akashika kimoja, akanionyesha. Kila punje ilikuwa na ufa. Miti ilikuwa na kiu tangu mwezi wa pili, na siku maji yalipokuja punje zilikunywa yote mara moja. Ile ngozi nene haikujua kutanuka. Zikapasuka.

Kisha jua likatoka, kali. Nyuki wakaja, na nyigu. Juisi ikaanza kuchuruzika kwenye mashina na kuchemka bila moto. Siku ya tatu kiwanja cha Baba kilinuka divai kutoka mlangoni mpaka barabarani. Bantu wanaokwenda kazini walikuwa wanageuza vichwa. Yaani sikuuza ili divai isitoke kwenye miti ya Baba, na divai ikatoka yenyewe, haikumfaa mtu yeyote, si Mwislamu si Mkristo.

Sista Agnès alikuja na wenzake wawili wakatusaidia kukata na kufukia, ili kuoza kusipande kwenye matawi. Hakusema neno baya. Alipomaliza alinawa mikono kwenye pipa, akasema, "Mama, kama ungesema hapana mu mwezi wa kumi, singekasirika. Ningeenda kununua kule kwingine." Hilo tu. Limenikaa kuliko kama angenitukana.

Mizabibu yenyewe ni hai. Ya Baba imetoa majani mapya mpaka kwenye mashina ya zamani. Ya kwako pia inaishi.

Na Djamila, basi. Hakufanya mtihani wowote wa droit. Tangu mwaka uliopita amehamia agronomie, masomo ya kilimo, palepale Kasapa, ameanza tena mwaka wa kwanza. Alitaka kukuambia mwenyewe akifaulu. Amefaulu. Yeye ndiye alinichimbisha ule mzizi. Nilimficha kwa sababu aliniomba, na kwa sababu nilitaka ushauri wake wa maji kabla hujamwita nyumbani.

Sasa zamu yako. Una nini?

Kulthumu


Kilwa, tarehe 19 mwezi wa kwanza 2025

Yaya Kulthumu,

Naandika mimi. Usishangae herufi zinavyolala, ni mkono wa kushoto, nimejifunza tangu mwezi wa kumi na mbili. Ramla anasema ninaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Ukurasa huu umechukua asubuhi nzima.

Ule mwezi wa saba, siku chache kabla ya kupata barua yako ya kwanza, tulikuwa tunasukuma boti kwenye matope. Gogo lilizunguka. Boti ilikaa juu ya mkono wangu wa kuume mpaka wenzangu walipoinyanyua. Vidole vitatu vilikatwa hospitalini. Viwili vilivyobaki vinashika kikombe, kamba havishiki. Boti nimemwachia mdogo wa Ramla, nami ninakaa kwenye kibanda ninauza nyavu. Si kazi mbaya. Ninakaa kivulini.

Sikukuambia kwa sababu ungekuja. Ungeacha ndoo pale kisimani na kupanda lori la Chisanga siku ileile, na mistari yote tisa ingekufa. Hilo ndilo lililokuwa limenibana. Chisanga usimgombeze, nilimwapisha.

Kuhusu Djamila: mwambie baba yake alikasirika kutwa nzima, kisha akauliza agronomie inachukua miaka mingapi. Mwambie aniandikie juu ya mizizi. Mimi nina wakati wa kusoma sasa.

Na kuhusu zabibu za Baba. Niliisoma barua yako mara mbili. Kila ninapofikiri, ninarudi mahali pamoja: jibu langu lilikuwa kwenye lori, na shamba lilikuwa mbele yako. Hii si njia ya kulima. Baba alituachia wawili, ni kweli. Lakini wewe ni mkubwa wangu, wewe ndiye unaamka pale, na huyo fundi wa kisima anayengoja mwanaume, mwambie mwanaume wa nyumba amesema achimbe pale Yaya atakapomwonyesha kwa kidole.

Tangu leo usiniandikie kuniuliza. Niandikie kunieleza.

Mudogo wako,
Souleymane


Lubumbashi, tarehe 16 mwezi wa pili 2025

Mudogo wangu Souleymane,

Nimeisoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. Nililia kwa ajili ya vidole vyako, na Djamila alilia, tukaendelea mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Tulimwambia hakuna. Mapacha wake wameota meno. Naye amekusalimia.

Sasa ninakueleza.

Fundi ameanza kisima. Nilimsomea maneno yako. Akasema, "Lakini iko Kilwa, Mama." Nikamwambia, "Mimi niko hapa. Chimba." Amevunja jiwe wiki hii na maji yanaonekana chini yake, meupe bado, lakini yanapanda.

Mistari ya Baba nitaipogoa mwezi wa nne, udongo ukiwa bado na mvua ndani yake, si mwisho wa mwezi wa tano. Djamila amepiga hesabu: zabibu zitaiva kabla ya joto kubwa na mbali na mvua ya kwanza. Zikitoka ndogo tena, hazitakwenda kwenye bati kando ya barabara. Nimetoa makochi kwenye chumba cha wageni na fundi wa mbao ameanza kutia chanja za kukaushia. Wageni watakaa uani.

Masista nimekwenda kuwaona mwenyewe. Nilimwambia Sista Agnès, "Mwaka huu, hapana. Na miaka inayokuja, hapana. Kukamua, haitawezekana kwetu. Minakuambia leo, kabla miti haijapogolewa, ili utafute kwingine." Akaniuliza, "Ni ndugu yako amekataa?" Nikasema, "Ni mimi." Akanishika mkono, akasema, "Aksanti, Mama. Sasa ninajua ninaongea na nani." Kisha akaniuliza kama tukikausha tutawauzia za keki ya Pasaka. Nimesema ndiyo, hapohapo, bila kungoja lori.

Neno la mwisho. Djamila atakaa na nyumba, anajua ndoo na anajua mizizi. Chisanga ameniwekea nafasi mbele, pembeni ya dirisha. Mwezi ukionekana utanikuta kwako: Ramadhani hii nitafunga Kilwa, na huo mkono nitauona kwa macho yangu. Ramla asifanye matayarisho.

Hilo pia sikuulizi.

Dada yako,
Kulthumu